Kila Kosa na Mwenyewe

Kazi moja, Jumatatu, 29 Oktoba 1984

Chef Mukalayi ameniita. Nilijua tu. Tangu asidi imwagike wiki iliyopita, kila mtu pale usine, kiwandani, anatembea akitazama viatu vyake. Nikajiambia, Clotilde, hii itafika mpaka kwenye chumba chako cha baridi cha mashini. Imefika.

Tanki lilijaa, asidi ikapita juu, ikamkuta Léon wa timu ya bomba. Miguu yote miwili. Wanasema ngozi ilitoka pamoja na soksi. Na saa hiyohiyo mashini yetu, hii ordinateur, kompyuta waliyotuletea kwa bendera na hotuba, ilikuwa inasema tanki liko nusu. Nusu!

Sababu naijua. Kule kwenye tanki kuna kipimo. Kinatuma habari kwetu kwa waya mrefu. Kati ya kipimo na mashini kuna programu ndogo, tunaiita pilote: inauliza kipimo, inaleta jibu. Iliandikwa na mzungu mmoja aliyekaa hapa msimu mmoja akarudi kwao. Kipimo kikikosa chochote, pilote inachapa ERREUR 14, kosa 14. Waya mbovu, 14. Umeme mdogo, 14. Kipimo kimeziba, 14. Kisha inarudia namba ya mwisho iliyokuwa nzuri, kama mwanafunzi asiyejua jibu la leo akatoa la jana. Watu wa kontroli wameizoea 14 hata hawageuki tena.

Chef ananiita citoyenne, mwananchi, anasema: utengeneze pilote iseme mambo wazi. Iwe tayari kabla ya sikukuu ya 24 Novemba, siku Rais alipochukua nchi, wageni wa chama watakuja kutazama.

Naandika haya kwa Kiswahili. Kifaransa ni cha kazini, na kazini wanasoma kila kitu. Daftari litakaa chini ya mfuko wa unga, Stanislas hapiki na mama yake hasomi.

Kazi tatu, 31 Oktoba

Nimeshinda na kitabu cha kipimo. Kijerumani mbele, Kifaransa nyuma, katikati mende wamekula. Lakini nimepata kitu. Kila kipimo kinapojibu, pamoja na namba kinatuma neno dogo la kueleza hali yake: nina umeme mdogo, nimeziba, nimevuka mpaka. Kimekuwa kikieleza miaka yote hii, na pilote inapokea na kutupa. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Jioni nikamwambia Barnabé. Huyu ni mdogo wa mume wangu Stanislas, tunakaa naye hapa Likasi, kambini Panda, pamoja na mama yao, na kazi yake ni hukohuko, kontroli ya matanki. Jina la ubatizo limekatazwa kwenye karatasi za serikali, lakini nyumbani nani atamwita vingine. Shemeji ni mtani, basi hanipi nafasi ya kupumua. Ananiita bibi yake, yaani mke.

"Bibi yangu, ule bwana yako ya chuma alisema nini leo?"

Nikamjibu amesema una miguu mirefu na akili fupi. Mama mukwe alicheka mpaka akaweka chini mwiko wa bukari. Halafu Barnabé akaacha utani. Anasema 14 imewachosha, inalia kama mtoto wa njaa na hakuna anayejua inataka nini. "Mutusaidie kweli. Léon ni mutu yetu."

Nitawasaidia. Hii kazi naipenda, basi nikiri mara moja humu. Naipenda kuliko animation, zile ngoma za chama, kuliko salongo ya kufagia barabara, kuliko siku nyingine hata Misa.

Kazi tano, 2 Novemba

Hasira. Nimempelekea chef jumbe zangu mpya. Kipimo kina umeme mdogo. Kipimo kimeziba. Jibu limeharibika njiani. Kipimo hakijibu. Kila mmoja kwa Kifaransa safi.

Akachukua kalamu nyekundu, akasimama kwenye ule wa mwisho. Hakijibu juu ya nini, sababu gani? Nikasema sijui, pilote haina macho. Inauliza, inangoja, hakuna kitu, basi. Akasema Directeur hasomi "sijue". Directeur anasoma sababu.

Halafu la pili. Kila ujumbe utoke na namba ya opereta aliye zamu. Akiingia aandike namba yake kwenye klavie, na kosa likitokea, namba ichapwe pembeni. Nikasema, Citoyen Chef, kipimo ni chuma. Chuma kinachoka chenyewe.

"Hapa kwetu kintu hakiharibike chenyewe. Kinaharibiwa. Kila kosa iko na mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenifundisha barabara ya kwenda sokoni. Nikatazama ukuta. Nyumba yetu ni ya kampuni. Posho ya unga ni ya kampuni, hospitali ya mwanetu Dominique na wadogo zake ni ya kampuni. Nikasema oui, Citoyen Chef.

Kazi mbili, 6 Novemba

Leo jaribio. Nilikuwa kwa mashini, Barnabé kule kwenye tanki, tukaongea kwa telefoni. Nikamwambia toa waya. "Nimetoa, bibi yangu." Kimya. Rudisha. Kipimo kikajibu. Toa. Kimya. Rudisha. Tulifanya hivyo mpaka akalalamika kwamba nimemgeuza mpiga kengele wa kanisa.

Kila anapotoa waya, kimya. Hakuna mara iliyokosa. Basi sababu ya kimya ni waya. Chef alitaka sababu, hii hapa. Nimefuta "kipimo hakijibu", nimeandika FIL RETIRÉ. Waya umetolewa. Mtu yeyote ataelewa, hata Directeur.

Juu kabisa ya programu nimeandika jina langu na namba yangu, kama yule mzungu alivyofanya. Kwa nini nisiandike? Imenitoa jasho.

Kazi ine, 8 Novemba

Pilote mpya inafanya kazi. Asubuhi imesema kipimo cha tanki la pili kimeziba. Wakaenda wakafungua, kweli kimeziba, tope la kijani. Barnabé alipiga telefoni kunisifu. Chef alinipa mkono mbele ya watu wote. Nimepika samaki wa Kapolowe na nyanya nyingi.

Siku ya posho, 10 Novemba

Salongo asubuhi, tumefagia njia watakayopita wageni. Kisha kufundishwa nyimbo za tarehe 24. Mimi na kiuno hiki, nimewekwa mstari wa mbele.

Kwenye foleni ya unga nimemkuta Aruna, mwenzake Barnabé pale kontroli. Baba yake alitoka Kasongo, wana duka la vitenge karibu na msikiti. Mtu mpole, lakini leo hakunisalimia vizuri. Anasema kuandika namba yake kila zamu ni kujifunga kamba mwenyewe halafu kumpa mtu mwingine ncha. Nikamjibu kwa ukali kwamba asiye na kosa haogopi namba. Akapokea unga wake, akaenda.

Kazi tatu, 14 Novemba

Moba, kule ziwani, imeshambuliwa na waasi. Redio inasema kidogo, watu wanasema mengi, wote kwa sauti ya chini. Getini leo kuna sura mpya, watu wa usalama, miwani ya jua wakati mawingu yamejaa. Wanafungua mikoba ya chakula. Neno "sabotage", hujuma, nimelisikia kuanzia geti mpaka choo.

Mvua kubwa mchana. Radi ilitikisa vioo.

Kazi ine, 15 Novemba

Pilote imesema! Mchana, mvua ikiwa bado, ikachapa FIL RETIRÉ. Ikanyamaza, ikachapa tena. Mara nyingi. Namba pembeni sikuitazama hata, nilikuwa natazama herufi zangu zinavyotoka safi. Chef alikuja mwenyewe akakata karatasi akaenda nayo mbio. Nikajiona mtu.

Baadaye.

Barnabé hajarudi. Mama mukwe amemfunikia bukari. Stanislas ametoka kumtafuta.

Kazi tano, 16 Novemba

Balimukamata. Aruna alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kutuambia, kofia mkononi. Jana mchana watu wa miwani waliingia kontroli na karatasi, wakauliza nani ana namba hii. Barnabé akasema ni mimi. Wakamwambia umetoa waya wa kipimo, siku zilezile Moba inawaka. Akasema hajagusa kitu. Wakaondoka naye.

Karatasi. Ile karatasi.

Mama mukwe alikaa chini sakafuni, akavua kitambaa cha kichwa. Hakulia. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Stanislas akadhani ni mimba.

Siku ya Mungu, 18 Novemba

Hatukwenda kanisani. Mama mukwe na Stanislas walipeleka chakula kasho, kule mahabusu. Mama aliruhusiwa kuingia, mwana hapana.

Amerudi na bakuli tupu na habari. Barnabé yuko hai, jicho moja limevimba. Walimuuliza: umewahi kutoa ule waya kwa mkono wako, ndiyo au hapana? Na Barnabé, ambaye hajui kusema uongo hata akicheza karata, akasema ndiyo, siku moja, ilikuwa jaribio. Nani alikutuma? Hapo akafunga mdomo.

"Anakatala kusema," mama mukwe anasema. "Alikubali ni yeye alitoa, lakini mwenye kumutuma hamutaje. Minye nilimulilia. Ananiangalia tu na ile jicho moja."

Nilikuwa nachambua sombe. Niliendelea kuchambua. Majani, vijiti, vyote kwenye sufuria moja.

Mchana mvua ikanyesha tena, nzito.

Kazi moja, 19 Novemba

Nimefika kazini, nikakuta mashini imechapa jana. Jumapili. FIL RETIRÉ, FIL RETIRÉ, mpaka chini ya karatasi, muda wote wa mvua. Na pembeni namba. Safari hii niliitazama. Namba ya Barnabé.

Barnabé jana alikuwa kasho, anakula bukari yangu kwa jicho moja.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Kisha nikaenda kontroli moja kwa moja, nikamkuta Aruna peke yake, nikamuuliza jana nani alikuwa zamu. Akafunga mlango kwanza.

"Nilikuwa minye."

Mbona imetoka namba ya Barnabé? Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini moto unaunguza. Tangu Barnabé achukuliwe, anasema, hakuna hata mmoja aliyeandika namba yake. Wanaingia, wanatoka, klavie hawaigusi. Namba ya mwisho inabaki palepale. "Nani atajiandika mwenyewe? Weye, Mama Dominique, ungejiandika?"

Kwa hiyo kwa mashini yangu, Barnabé yupo kazini kila zamu, usiku na mchana, na kila mvua ikinyesha anatoa waya.

Nikamuuliza Aruna, waya uliguswa? Hapana. Alikaa hapo muda wote, na waya unapita mbele ya macho yake. Tukaufuata pamoja mpaka kwenye kisanduku cha kuungia, huko chini kwenye mtaro. Kifuniko kimelika kwa asidi. Ndani maji, kama kikombe. Mvua inaingia, kipimo kinanyamaza. Maji yanakauka, kinajibu.

Mjinga mimi! Nilitoa waya, kikanyamaza, nikasema basi kila kikinyamaza mtu ametoa waya. Ni kama kusema kwa kuwa mgonjwa wa malaria ana homa, kila mwenye homa ana malaria. Hata Dominique, aliye darasa la tatu, asingekosa hivyo. Pilote iliona kimya tu. Kimya, hakuna zaidi. Mkono ule niliutia mimi.

Kazi mbili, 20 Novemba

Nimempelekea chef karatasi ya Jumapili. Nilisema yote, kisanduku, maji, mvua, Barnabé kasho. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani. Alielewa. Hapo ndipo penye uchungu, chef Mukalayi si mjinga.

Alivaa tena miwani. Halafu akaniuliza kama nimefikiri. Nikionyesha hii watauliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini maopereta hawaandiki namba zao, na hapo Aruna na wenzake watamfuata Barnabé. La pili, nani aliandika FIL RETIRÉ.

Nikasema, ni kalamu yako nyekundu, Citoyen Chef. Hata sijui mdomo huu niliutoa wapi.

"Kalamu yangu haiko mu mashini. Mu mashini muko jina yako."

Akakunja karatasi, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Hii karatasi haijachapwa, akasema. Kisha sauti ikawa ya baba. Tarehe 24 wageni watasimama mbele ya mashini. Siku hiyo pilote inyamaze, kosa lolote lisichapwe, namba nzuri tu. Wageni wakiondoka wamefurahi, yeye atazungumza na wale watu juu ya shemeji yangu. Na kisanduku kitatengenezwa polepole, bila kelele.

Nikamuuliza: na asidi ikipanda tena wakati pilote imenyamaza? Akasema ni siku moja tu, na pampu siku hiyo zitasimamishwa. Kila mtu atakuwa uwanjani akicheza, kontroli itafungwa kwa ufunguo.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema nitatazama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natukana kimoyomoyo, na sikujua namtukana nani kati yetu.

Kazi tatu, 21 Novemba

Asubuhi, njiani kwenda kazini, nimemwambia Stanislas. Karibu na reli, pale wenzake wanapotutangulia. Nilimwambia ni maneno yangu yaliyomfunga mdogo wake. Na kwamba Barnabé anafunga mdomo kwa ajili yangu.

Hakunipiga. Hakupandisha sauti. Aliweka mkoba wake chini, akauokota, akauweka tena. Halafu akasema niinyamazishe, nifanye kama chef alivyosema, tutapona sote.

Nikasema chef alisema "nitazungumza". Hakusema watamwachia.

"Ni mudogo yangu," akasema. "Minye njo nilimubeba ku mugongo. Lakini weye uko mama ya batoto. Nikupoteze na weye?" Na mwanamume mzima akalia kando ya reli, na filimbi ya usine inalia, na mimi nikimfuta uso kwa kitenge cha chama chenye picha za mwenge. Mwisho akasema mama asijue.

Sijawahi kumpenda kama leo. Na sijawahi kuwa peke yangu hivi.

Kazi ine, 22 Novemba

Kazi moja ijayo wanampeleka Lubumbashi. Askari mmoja amemnong'oneza mama mukwe. Wanaopelekwa kule, familia haijui tena pa kuleta bakuli.

Alikuwa anatengeneza samaki aliponiambia, magamba yameruka mpaka kwenye nywele zake. Mama Émilienne, ndilo jina lake, hajasoma, lakini ameishi na kampuni tangu wakati wa Wabelgiji, amezika mume kutoka humu. Akaosha kisu. Akaniita kama anavyoniita akitaka jambo kubwa, kwa jina la mtoto.

"Mama Dominique. Weye unatumikaka na ile mashini. Yenye ilisema mutoto yangu alitoa waya."

Ndiyo, mama.

"Uende uiulize. Uiulize muzuri, bila hasira. Nani aliiambia vile? Juu mashini haina macho. Kuko muntu aliiambia."

Alinitazama. Sijui kama anajua. Mama mukwe hawezi kumshika mke wa mwanawe koo, adabu inakataza, na mimi siwezi kumtazama usoni muda mrefu, adabu inakataza vilevile. Tukabaki hivyo, samaki katikati yetu. Nikasema nitaiuliza, mama.

Kazi tano, 23 Novemba

Mchana, chumba cha mashini, peke yangu. Kunyamazisha pilote ni mstari mmoja tu. Niliuandika. Nikautazama. Nikaona miguu ya Léon. Nikaufuta.

Nimeandika upya. Kipimo kikinyamaza, pilote hairudii tena namba ya jana, inaacha wazi. Na ujumbe ni huu: PAS DE RÉPONSE. CAUSE INCONNUE. Kipimo hakijibu, sababu haijulikani. Ndiyo yote pilote inayoyaona, na ndiyo yote itakayosema. Ilichukua muda mfupi kuliko kuosha vyombo. Ningeandika hivi tangu mwanzo, Barnabé angekuwa hapa ananiita bibi yake.

Namba ya opereta nimeitoa. Mahali pake hapakubaki wazi: chef anataka kila kosa liwe na mwenyewe. Sawa. Nimetia yangu.

Chef akapita akauliza, tayari? Nikasema tayari. Akanipiga bega.

Sasa hesabu ni hii. Kesho maopereta wote watakuwa uwanjani mbele ya watu wote, na ufunguo wa kontroli uko kiunoni kwa chef. Mvua ikinyesha wageni wakiwa mbele ya mashini, kipimo kitanyamaza na hakuna mkono wowote karibu. Hata wale wa miwani wataona. Wataniita, na nitasema kisanduku, nitasema maji, nitasema ni mimi niliyemtuma Barnabé siku ile. Mvua isiponyesha, mashini itasema namba nzuri, wageni watakunywa bia, na kazi moja Barnabé atakwenda.

Likasi nzima inaomba kesho jua liwake kwa sikukuu. Mimi naomba mvua. Nikishaomba, naomba isinyeshe. Halafu naona haya, naanza tena.

Stanislas sijamwambia.

Siku ya posho, 24 Novemba

Jua. Jua kali tangu asubuhi, mpaka lami ya njia inalainika. Nimecheza mstari wa mbele, nimeimba, nimepiga makofi. Aruna na wenzake mstari wa maopereta, wote wapo, nimewatazama mmoja mmoja. Mama mukwe alisimama kwenye kamba pamoja na wanawake wa kambi, bakuli limefungwa kwa kitambaa. Ni la kasho. Atatoka hapa aende.

Sasa niko koridoni, nje ya chumba cha mashini. Chef ameniweka hapa kwenye kiti, nisiingie, ila niwe karibu mashini ikileta matata. Wageni wako ndani. Daftari nimekuja nalo ndani ya kitenge, sijui kwa nini, labda sikutaka libaki peke yake chini ya unga. Chef anaeleza. Sauti yake tamu. Anasema zamani mashini ilikuwa inasema 14 tu, sasa inasema ukweli. Mgeni mkubwa anacheka vizuri.

Kupitia dirisha, upande wa milima, kuna wingu. Dogo. Halikuwepo nilipokaa.

Wanaongea juu ya bei ya shaba. Mtu amefungua chupa.

Wingu limefika juu ya bomba la moshi. Upepo umeangusha bendera moja ya karatasi uwanjani, watoto wanaikimbilia. Mikono yangu inanuka samaki wa juzi. Wageni wakitoka sasa hivi, imekwisha. Chef anawaambia waje waone magasin, ghala. Wanasogea.

Tone moja kwenye bati. Mengine.

Mgeni anasema wangoje kidogo ipite.

Inapiga kweli sasa. Uwanjani watu wanakimbia, namwona mama mukwe hakimbii, amefunika bakuli kwa mwili wake. Najaribu kufikiria kile kisanduku kule chini, maji yanapoingia. Muda gani? Siku ile ilichukua muda gani? Sikuangalia.

Mashini imeanza kuchapa.

Chef ameacha kuongea. Mgeni anauliza inasema nini. Mgeni anauliza tena, na namsikia chef anasoma polepole, kama mtu anayesoma telegramu ya msiba: pas de réponse. Cause inconnue.

"Sababu haijulikani? Nani yuko kwenye kipimo sasa?"

Hakuna muntu, Citoyen, anasema chef. Imefungwa. Ufunguo ninao.

Mashini inachapa tena. Na tena. Mvua haiishi. Mmoja wa wale wa miwani ametoka, amepita mbele yangu mbio bila kunitazama, anaelekea kontroli.

"Na hii namba hapa pembeni, ni ya nani?"

Nimesimama, kalamu bado mkononi. Mgeni anauliza mara ya pili, nami nasukuma mlango.